Chasisi ya faiba ya bajaji ya umeme: paneli imejisokota, tatizo ni mpangilio wa vitambaa au ni resini?

#1 Tabata Magurudumu
Habari wakuu. Tuna karakana ndogo hapa Dar, tunatengeneza bajaji ya mizigo ya umeme. Lengo ni kuondoa fremu ya mabomba ya chuma, sakafu iwe sanduku la faiba ambalo ndilo chasisi yenyewe na betri zikae ndani yake. Kila kilo inayotoka kwenye gari inarudi kama mzigo wa mteja.

Paneli ya sakafu ni mita 2 kwa 1.2. Chini gelkoti (resini ya uso wa nje), mati (nyuzi zilizotawanyika ovyo) ya gramu 300 kwa mita ya mraba, juu yake kitambaa cha baiaksi ±45 (nyuzi za mshazari, digrii 45 kila upande) cha gramu 600, tabaka mbili, zote nimezikunjua kutoka kwenye rola kwa mwelekeo mmoja. Resini ni poliesta. Ilipotoka kwenye moldi, kona mbili zinazotazamana kimshazari ziliinuka, nyingine mbili zikashuka. Ukiikandamiza inalala, ukiiachia inajisokota tena.

Nauliza: chanzo ni nini? Na kuna mtu ananishawishi nihamie nyuzi za kaboni, anasema matatizo yote yataisha. Kweli?

#2 Boti za Mkokotoni
Umeitoa mapema. Poliesta ikikauka inasinyaa, ujazo wake unapungua kwa karibu asilimia 7. Ukiibandua wakati bado inasinyaa, hakuna kinachoishikilia. Halafu gelkoti iko upande mmoja tu. Sisi boti haitoki kwenye moldi kabla haijalala, na mbavu tunazifunga ikiwa bado ndani. Hesabu za pembe hatupigi, na boti hazijisokoti.

#3 Mhandisi Kiberenge
Mkuu #2, nakuheshimu, lakini boti zako hazijisokoti kwa sababu unatumia mati. Nyuzi za mati zimetawanyika pande zote, kwa hiyo tabaka moja linafanana na lingine popote unapolishika. Mleta mada katumia baiaksi, na hiyo ina tabia nyingine.

Baiaksi ni tabaka mbili za nyuzi zilizoshonwa pamoja: juu +45, chini -45. Ukilaza mbili kwa mwelekeo mmoja unapata, kutoka juu kwenda chini, +45, -45, +45, -45. Pasua paneli katikati ya unene wake: nusu ya juu si kioo cha nusu ya chini. Resini inaposinyaa, kila tabaka linavutika zaidi kukatiza nyuzi zake kuliko kufuata nyuzi, na kwa kuwa juu na chini hazilingani, paneli inajisokota. Na inajisokota hivyo hivyo ulivyoeleza, kona mbili juu, mbili chini.

Dawa: tabaka la pili geuza juu chini. Utapata +45, -45, -45, +45. Kwisha.

#4 Nyuki wa Chuma
Hapo kwenye dawa umeteleza, mkuu Kiberenge. Kugeuza juu chini hakubadilishi kitu kwa ±45.

Chukua karatasi. Juu chora mshazari kutoka kona ya chini kushoto hadi ya juu kulia, hiyo ndiyo +45. Nyuma yake weka mshazari unaokatiza ule wa mbele, uhakikishe kwa kuinua karatasi kwenye mwanga. Sasa igeuze kama unavyogeuza ukurasa wa kitabu. Mstari uliokuwa nyuma sasa uko juu, na utauona umelala kutoka chini kushoto kwenda juu kulia, vilevile kama wa kwanza. Umerudi ulikotoka.

Inayofanya kazi ni kuzungusha kitambaa robo duara, digrii 90, kikiwa kimelala. Hapo +45 ya juu inakuwa -45 na ya chini inakuwa +45. Kugeuza juu chini kunafaa kwa kitambaa cha kushonwa cha 0/90 (nyuzi za urefu na za upana).

#5 Kisauni
Nimeijaribu na risiti ya duka hapa. Ni kweli kabisa. Ahsante #4.

#6 Mhandisi Kiberenge
Sahihi, nimekubali. Ni kuzungusha.

#7 Tabata Magurudumu
Mnanipa raha, lakini kuna shida. Rola ina upana wa mita 1.27. Nikizungusha, urefu wa mita 2 hautoshi, lazima niunge katikati ya sakafu, pale pale betri zinapokaa.

#8 Boti za Mkokotoni
Unga. Viungo vya kulaliana sentimita 5 tunafanya kila siku. Usiviweke viwili mahali pamoja, na usikiweke kwenye mstari wa boliti.

Ila bado sijashawishika. Kama ni pembe peke yake, mbona amesema ametumia tabaka mbili za baiaksi, yaani tabaka nne za nyuzi? Mtoto wangu anasoma uhandisi, anasema athari hiyo inapungua kadiri tabaka zinavyopishana kwa wingi.

#9 Nyuki wa Chuma
Mwanao yuko sahihi. Kwa unene ule ule, tabaka nne zinazopishana zina nusu ya mvutano huo ukilinganisha na mbili, na nane zina robo. Kwa hiyo sehemu ya msokoto ule inaweza kuwa imetoka kwingine: mati na gelkoti viko upande mmoja, na resini nyingi imetuama chini. Hivyo peke yake vingempa bakuli, si msokoto, lakini vikichanganyika na pembe unapata umbo lisiloeleweka.

#10 Binti Mkonge
Naomba tutenganishe mambo mawili, maana nayaona yanachanganywa.

La kwanza ni ulinganifu wa juu na chini: kila tabaka juu ya mstari wa katikati liwe na pacha wake chini, umbali ule ule, pembe ile ile. Hilo ndilo linalozuia paneli kujikunja ikipoa au ikivutwa.

La pili ni mizani ya pembe: kila +45 iwe na -45 yake, kila +30 na -30 yake. Hilo linazuia paneli isiende mshazari unapoivuta moja kwa moja.

Unaweza kuwa na moja bila nyingine. Mpangilio 0, +45, 90, 90, +45, 0 una ulinganifu lakini hauna mizani: utatoka kwenye moldi umenyooka, halafu ukiuvuta unageuka kama mstatili uliosukumwa pembeni. Ule wa mleta mada una mizani lakini hauna ulinganifu. Chasisi inataka vyote viwili, isipokuwa mtu anayejua kwa nini anavunja kanuni.

Na hata vyote vikiwepo, +45 ikiwa nje na -45 ndani kuna msokoto mdogo unabaki paneli inapopindwa, kwa sababu ya nje ina nguvu zaidi katika kupinda. Kitambaa cha kufumwa kinapunguza hilo kwa kuwa nyuzi zote mbili ziko karibu tabaka moja.

#11 Jua Kali Gikomba
Wadau, mbona tunajitesa? Chuma kipo, welding ipo, fundi yuko kila kona. Faiba ikipasuka Kitui saa nne usiku nani atairekebisha?

#12 Boti za Mkokotoni
#11, faiba inarekebishwa na mtu mwenye msasa, kopo la resini na hadena. Kitui hawana?

#13 Kaka Mkubwa Upanga
Mimi ndiye niliyemwambia ahamie kaboni. Ferrari, Lamborghini, McLaren, wote wana magari ya kaboni. McLaren F1 ya 1992 ndiyo gari la kwanza duniani kuwa na chasisi ya kaboni, na wenzetu hawajarudi nyuma tangu hapo.

#14 Mtanga wa Leipzig
Marekebisho kidogo. McLaren F1 ya 1992 ni gari la kwanza la *barabarani* lenye chasisi nzima ya kaboni. Kwenye mashindano ya Formula 1 ilianza 1981 na McLaren MP4/1 iliyobuniwa na John Barnard, na ganda lake lilitengenezwa Marekani na Hercules, Utah. Mwaka huo huo dereva wake John Watson aligonga vibaya Monza, Italia, injini ikang'oka na sehemu ya nyuma ya gari, yeye akatoka na miguu yake. Siku ile watu wengi waliokuwa wakisema kaboni itasambaratika kama kioo walinyamaza.

Na chasisi ya faiba ya kawaida ni ya zamani zaidi: Lotus Elite ya 1957. Mwili mzima ulikuwa faiba ya glasi, ila walipachika chuma mbele kwa ajili ya injini na suspensheni, na kingine kuzunguka kioo cha mbele. Mleta mada, hilo la chuma kupachikwa penye mizigo mikali lifikirie sana.

Huku Leipzig BMW walitengeneza i3 kuanzia 2013: kabini ya kaboni juu, chini fremu ya alumini inayobeba betri na mota. Hawakulazimisha kaboni kila mahali.

#15 Nyuki wa Chuma
Tuweke namba mezani, maana "kaboni" peke yake haisemi kitu.

Chuma: ugumu GPa (gigapaskali) 205, uzito wiani 7.85, yaani kilo kwa lita. Ukigawanya, 26.
Alumini: 70 kwa 2.7. Tena 26.
Kaboni nyuzi zote mwelekeo mmoja: kama 135 kwa 1.55. Hapo 87. Hii ndiyo namba ya matangazo.
Kaboni iliyogawanywa sawasawa 0, +45, -45, 90: kama 50 kwa 1.55. Inashuka hadi 32.
Faiba ya mati iliyopakwa kwa brashi: 7 au 8 kwa 1.45. Kama 5.

Maana yake, ukinunua kaboni ghali ukailaza pande zote kwa woga, kwa kuvutwa tu umekizidi chuma kidogo sana kwa kila kilo. Faida inakuja ukijua mzigo unapita wapi ukalaza nyuzi huko. Na kwenye kupinda kaboni inashinda zaidi, kwa kuwa ni nyepesi na kwa uzito ule ule paneli inakuwa nene.

#16 Kaka Mkubwa Upanga
Sawa mkuu, 87 bado ni zaidi ya mara tatu ya chuma.

#17 Nyuki wa Chuma
Kwa mwelekeo mmoja. Uvute kwa kukatiza nyuzi, 135 inakuwa 9. Bajaji itakubali kupigwa na mashimo kwa mwelekeo mmoja tu?

#18 Kisauni
😂😂 Hiyo ya mashimo imekaa vyema.

#19 Mhandisi Kiberenge
Sasa tufike kwenye chasisi yenyewe. Adui mkuu wa chasisi ni msokoto: gurudumu moja linapanda tuta, jingine limezama. Msokoto unapita kwenye kuta za sanduku kama mkato (nguvu mbili zinazosukumana kinyume, kama makali ya mkasi), na mkato unabebwa na nyuzi za ±45. Kwa kaboni, ukilaza 0/90 ugumu wa mkato ni kama GPa 5. Ukilaza ±45 unafika 35. Mara saba, kwa nyuzi zile zile na uzito ule ule. Kwa hiyo kuta zote ±45, na 0 chache kwenye kingo za juu na chini kwa ajili ya kupinda.

Na sanduku lifungwe. Ukiacha kifuniko cha betri wazi bila kukifunga kwa boliti nyingi, umepoteza karibu kazi yote ya msokoto.

#20 Binti Mkonge
Kiberenge, hilo la ±45 ni kweli kwa gari la magurudumu manne. Hii ni bajaji. Magurudumu matatu daima yanakaa kwenye ardhi bila kulazimisha chasisi ijisokote, kama kigoda cha miguu mitatu kisivyotikisika. Gurudumu moja la mbele halibebi mzigo wa kulala upande kwenye kona, huo unabebwa na ekseli ya nyuma.

Kwa maoni yangu, mzigo mkubwa hapa ni kupinda kati ya shingo ya usukani na ekseli ya nyuma, na betri ziko katikati. Hapo 0 ndiyo nyingi, ±45 inatosha kwa kuta za pembeni tu.

#21 Mhandisi Kiberenge
Na shingo ya usukani? Uma wa gurudumu la mbele unapopigwa na ukingo wa barabara kutoka pembeni, unaipinda ile shingo kushoto na kulia. Na gurudumu moja la nyuma likiingia shimoni kwa kasi, uzito wa mizigo juu unasokota sanduku kabla gari halijatulia. Siwezi kuondoa ±45.

#22 Binti Mkonge
Sijasema uiondoe, nimesema isitawale. Hata kanuni ya watengeneza ndege ni kwamba kila mwelekeo kati ya 0, +45, -45 na 90 upate angalau asilimia 10 ya nyuzi, ili mzigo usiotarajiwa usikute resini peke yake. Ninaloomba ni mleta mada apime kabla ya kuamua. Shika sehemu ya nyuma, tundika uzito kwenye mkono uliofungwa shingoni, usome pembe. Lamborghini Aventador ya 2011 ilitangazwa kuwa na ganda la kilo 147.5 na ugumu wa kusokotwa wa Nm (nyutoni mita) 35,000 kwa digrii moja. Bajaji haihitaji hata karibu na hapo, lakini namba yako lazima uijue.

#23 Mwana wa Korogwe
Mimi nimevutiwa na jina la dada #10. Tanga tuna mkonge tangu 1893, miche 62 tu ya yule Mjerumani Richard Hindorf ndiyo iliyofika hai kutoka Florida. Kwa nini chasisi isiwe ya mkonge?

#24 Binti Mkonge
Natamani, ndugu yangu, nimezaliwa mashambani kabisa. Uzi wa mkonge ni mwepesi kuliko glasi, kama 1.45 kwa 2.55. Lakini ugumu wake ni mdogo mno kuliko GPa 72 za glasi, unatofautiana kati ya jani na jani, na unakunywa maji. Ukinywa maji unavimba na kujitenga na resini. Paneli za ndani za milango, sawa, Wajerumani wanazo za kitani na mkonge. Sehemu inayobeba shingo ya usukani, hapana. Kifuniko cha juu cha sanduku la mizigo ningekijaribu kwa moyo wote.

#25 Mwana wa Korogwe
Basi kifuniko. Mkiwa tayari semeni, nyuzi nitaleta.

#26 Mtanga wa Leipzig
Jambo moja halijatajwa: kona za sanduku. Hata mpangilio wenye ulinganifu kamili, ukiulaza kwenye kona ya digrii 90, ukitoka kwenye moldi kona inafumba digrii moja au zaidi. Sababu ni kwamba unene unasinyaa zaidi kuliko urefu wa nyuzi, na kwenye mkunjo hiyo inavuta pembe ndani. Kuzungusha kitambaa hakuponyi hilo. Watu hutengeneza moldi yenye digrii 91 au 92 ili kona itoke 90. Kwa hiyo mleta mada, kabla hujahukumu pembe za nyuzi, paneli yako ina mdomo uliokunjwa pembeni?

#27 Tabata Magurudumu
Ndiyo, ina mdomo wa sentimita 6 pande mbili ndefu. Sikuutaja.

#28 Boti za Mkokotoni
Ona sasa. Tumegombana siku nzima, kumbe kuna mdomo.

#29 Nyuki wa Chuma
Midomo miwili inayofumba sawasawa haisokoti paneli, inaipindisha tu. Labda upande mmoja ulikuwa mnene zaidi. Kipimo cha kweli: kata kipande katikati mbali na midomo, mraba wa sentimita 30. Kama bado kinajisokota, ni mpangilio. Kikinyooka, ni midomo au resini.

Na jingine, kipande hicho kiweke juani bila kukikandamiza. Kikilala kadiri kinavyopata joto, mvutano ulitokana na kupoa. Kisipobadilika, ni kusinyaa kwa resini yenyewe.

#30 Boti za Mkokotoni
Jua la Dar linaweza pia kumaliza kukausha resini ambayo haikuiva. Kitabadilika, kisha hutajua kilibadilika kwa lipi.

#31 Nyuki wa Chuma
Hoja nzuri. Basi ukitoe juani, kipoe, ukitazame tena. Kikirudi kwenye msokoto ule ule, ni joto. Kisiporudi, #30 ana haki.

#32 Tabata Magurudumu
Nimekata wakuu. Kipande cha katikati bado kinajisokota, ila kidogo kuliko paneli nzima. Juani kimelala nusu, kilipopoa kimerudi sehemu tu.

#33 Mhandisi Kiberenge
Mpangilio. Nilisema.

#34 Boti za Mkokotoni
"Sehemu tu." Resini. Nilisema.

#35 Binti Mkonge
Tengeneza vipande viwili kwa resini ile ile, siku ile ile, bila mati wala gelkoti: kimoja kama ulivyofanya, kingine tabaka la pili limezungushwa digrii 90. Vyote vikae kwenye moldi usiku mzima. Hapo ndipo tutajua nani analipa soda.

#36 Mtanga wa Leipzig
Ukija kuchanganya kaboni na mabano ya alumini, usiviache vigusane. Kaboni inapitisha umeme, na kwenye hewa ya chumvi ya pwani alumini italiwa. Weka tabaka la glasi katikati. Na mashimo ya boliti yasikae ukingoni, acha umbali wa angalau mara tatu ya kipenyo cha shimo kutoka kingo, na ongeza ±45 hapo. Zile 0 tupu zinachanika kutoka shimoni hadi ukingoni.

#37 Kyambogo Rider
Habari kutoka Kampala. Nasoma kimya kimya. Swali langu: badala ya kuongeza vitambaa, kwa nini asiweke kiini katikati? Mimi nimefikiria lile povu jeupe la kufungashia televisheni, ni rahisi kupata.

#38 Nyuki wa Chuma
Karibu mkuu. Wazo la kiini ni zuri kuliko yote humu. Chukua ngozi (tabaka la faiba) ya milimita 2, igawe mara mbili, weka kiini cha milimita 10 katikati: ugumu wa kupinda unapanda takriban mara 90 kwenye karatasi, japo povu laini litakula sehemu ya hiyo. Na ulinganifu unakuwa rahisi, ngozi ya juu na ya chini zinatazamana kama kioo.

Ila povu jeupe ni polistairini, na poliesta ina staireni ndani yake. Ukimwaga tu, povu linayeyuka mbele ya macho yako. Tumia epoksi, au tafuta povu gumu la PVC. Na penye boliti toa povu, weka kipande cha mbao ngumu au alumini, la sivyo ukikaza nati ngozi zinabonyea.

#39 Kyambogo Rider
Asante. PVC hilo kwa shiti Kampala naweza kulipata wapi?

#40 Boti za Mkokotoni
Waulize wanaotengeneza boti za uvuvi kule ziwani.